Dakika Tano za Festo

Wiki moja kabla sijastaafu na kukabidhi funguo za ofisi, nilimkuta kijana wetu mmoja wa ufundi akibishana na mteja dirishani. Mteja analalamika kwamba ameuziwa mtandao wa mega kumi, lakini akipakua faili, kompyuta inamwonyesha mega moja na kidogo. Kijana, mwenye diploma yake na beji shingoni, anamjibu eti mnara umezidiwa. Mnara umezidiwa! Mnara ulikuwa mzima kama ulivyoumbwa. Mteja aliuziwa megabiti, kompyuta yake inapima kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa kumi kwa nane uone unapata ngapi. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne angeona aibu kuombea kalamu. Nilisimama nyuma yao nikasema moyoni, haya, mimi naondoka, na hawa ndio wanaobaki.

Kwa hiyo naandika. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nani alinibania, maana vyeo vya mtu vinamhusu yeye na mkewe. Nawaandikia nyie mnaobaki habari ya vipimo. Katika miaka yangu yote nimeona mashine nyingi zikiharibika na zikatengenezeka, lakini mtu asiyejua anapima kwa kipimo gani hana spea.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, ofisi ya simu hapa Mpanda. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, jambo linaloonyesha jinsi nilivyoijua kazi yenyewe. Nilikabidhiwa kwa Mzee Kasonso, fundi wa siku nyingi, Mkonongo mfupi mwenye miwani aliyoifunga kwa waya wa simu. Hakunipa mkono. Alinipa karatasi yenye ujumbe wa maneno thelathini, akaniuliza: mtu anayegonga maneno ishirini kwa dakika atamaliza kuutuma kwa muda gani? Nikajibu haraka, dakika moja na nusu. Nilikuwa na kidato cha nne, jamani.

Akaniuliza neno ni herufi ngapi. Nikacheka. Neno ni neno.

“Neno la kazini ni herufi tano,” akasema. “Sasa nihesabie hilo la pili hapo.”

Lilikuwa “hawajatuandikia”. Nikahesabu kwa kidole: kumi na tano. Neno moja la mkulima, maneno matatu ya mtambo. Ujumbe wote, nilipouhesabu kwa herufi, ukawa wa dakika mbili na nusu. Mzee akaniambia kuwa waliobuni kipimo kile lugha yao ina maneno mafupi mafupi, na kwamba amewahi kuona maofisa wa makao makuu wakipanga ratiba za mikoani kwa kuhesabu maneno, halafu wakashangaa kwa nini watu wa Kiswahili wanachelewa. Aliwacheka mpaka miwani ikamshuka. Kisha akanipa penseli. Kila ujumbe, kabla ya kutumwa, nihesabu herufi, nigawe, niandike pembeni utaisha saa ngapi. Nikikosea zaidi ya dakika moja, nampikia chai. Miezi mitatu ya kwanza nilimpikia chai nyingi.

Miaka ile tulikuwa na teleksi, ile mashine ya kuchapa huku na maneno yakatokea kwenye karatasi mji mwingine. Hapo ndipo nilipokutana na biti. Mzee Kasonso hakunifundisha kwa kitabu, kitabu chenyewe kilikuwa kimeliwa na mchwa. Alinichukua sokoni kwa akina mama wauzao mchele wa Mwamkulu. Akaniambia biti ni kopo, herufi ni debe. Mtambo unamimina kopo kopo, lakini mteja anataka debe. Kwenye mitambo mipya ya kompyuta herufi moja inakula biti nane, na ukiongeza ile ya kufungua na ile ya kufunga, zinakuwa kumi. Kwa hiyo ukiambiwa mtambo una kasi ya biti mia mbili kwa sekunde, usikenue meno. Hizo ni herufi ishirini tu. Mama muuza mchele hajawahi kumpa mtu kopo akamwambia ni debe, na mnunuzi naye hajawahi kukubali. Inahitaji shahada ili mtu akosee pale.

Kazi nyingine zilikuwa za miguu. Siku moja nzima nilitafuta hitilafu ya laini iliyokwenda upande wa Magamba, nikapima nguzo kwa nguzo, nikawaza radi, nikawaza panya, nikawaza hata uchawi ilipofika saa nane mchana bila chakula. Kumbe mama mmoja alikuwa ameuvuta waya ukashuka hadi kimo chake na kuanika nepi za watoto na blanketi mbili. Nilipomweleza, akaniuliza kama maneno yanapita mle ndani mbona hayajazichafua nguo zake. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa baadaye na watu wenye ofisi.

Katikati ya miaka hiyo ofisi ilipunguza watu, na mimi nikachukuliwa na shirika moja la misaada. Jina lake nitaliacha. Lilihudumia makazi ya wakimbizi na vijiji vya jirani mpaka Kabungu, na lilihitaji mtu wa redio kolu, ile ya kuongea kwa zamu na vituo vya mbali. Nilipewa chumba kidogo cha mabati, redio, betri mbili za lori, na waya wa antena niliouvuta mwenyewe kati ya mikaratusi miwili. Mzee Kasonso alikuwa amekwishastaafu, akilima mahindi kwao. Alikuja kukitazama chumba changu, akauvuta ule waya kidogo, akasema umelegea, akaenda zake.

Hapo ofisini alikuwepo Mama Gaudensia, aliyetupikia chai na kufagia. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa msichana mdogo, wakapewa shamba makazini, na huko ndiko alikokulia, akaolewa na kufiwa na mume. Alikuwa mtu wa maneno machache na karanga nyingi, alizouza kwa kopo baada ya kazi; kila aliyepita alipewa gao la mkono. Aliniita Baba Anna kwa jina la binti yangu wa kwanza. Yeye alikuwa na binti mmoja, Skolastika Nzeyimana, aliyemaliza la saba na kuongoza shuleni kwake. Kuongoza kule makazini hakukuwa na maana kubwa bila mfadhili. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kama mvua ya Agosti, na shule zenyewe ziko mbali.

Mwaka huo wafadhili wakatangaza kwamba watawalipia watoto masomo ya sekondari ya bweni. Majina yakusanywe, yafike ofisi ya mjini Dar es Salaam kabla ya Ijumaa jioni ya wiki fulani, na litakalochelewa limechelewa. Zamani karatasi kama hiyo tungeitia kwenye bahasha na kuipandisha treni. Lakini sasa tulikuwa na Festo.

Festo alitumwa kwetu kutoka mjini kufunga modemu ya redio, kisanduku kilichoiwezesha kompyuta kutuma maandishi kwa njia ya redio yangu. Umri wetu ulikaribiana, mimi nikiwa nimemzidi miaka michache. Alikuja na kalamu tatu mfukoni na kikokotoo mkononi, na alikuwa na tabia ya kusema “kitaalamu” kabla ya kila jambo. Kitaalamu hapa pana joto. Kitaalamu wali huu una mawe. Kisanduku alikifunga vizuri, nampa haki yake. Kilifanya kazi siku ya kwanza, tukapelekea mjini salamu, nao wakajibu, na mkuu wetu wa ofisi akapiga makofi.

Jumatatu ya wiki ile tukakaa kikao. Orodha ilikuwa na watoto wapata mia nne, lakini walimu wakuu wawili wa Kabungu walikuwa hawajaleta majina yao. Mkuu wa ofisi akauliza, tupeleke tulichonacho kwa treni ya Jumanne, au tusubiri? Festo akakohoa. Kitaalamu, akasema, hakuna haja ya treni. Faili lina herufi elfu sitini. Modemu ina kasi ya mia mbili kwa sekunde. Akabonyeza kikokotoo, akakiinua tukione: sekunde mia tatu, yaani dakika tano. Tusubiri majina yote mpaka Ijumaa, tutume saa kumi kamili, saa kumi na dakika tano tuko kwenye chai. Alikuwa ameshaomba mjini watufungulie njia nusu saa, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na nusu, na akaongeza kwamba hata hiyo nusu saa aliiomba kwa heshima tu.

Nikanyoosha mkono. Nikawaeleza kuwa ile mia mbili ni biti, siyo herufi. Herufi ni ishirini kwa sekunde. Faili lile linataka dakika hamsini hewa ikiwa safi, na kwa mawingu ya majira yale, ambapo mtambo unarudia kila kipande kinachopotea, linataka zaidi ya saa nzima. Nusu saa haitoshi. Ama tupande treni kesho, ama tuombe muda mwingine.

Festo hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitabasamu kama mtu anayemwelekeza bibi yake njia.

“Braza, hiyo ni hesabu ya redio kolu. Hii ni kompyuta.”

Wakacheka. Mkuu wa ofisi alicheka, mhasibu alicheka, na dereva, ambaye alikuja kuchukua funguo tu, alicheka. Nikakaa chini. Joto lilinipanda mpaka masikioni, nikaapa moyoni kwamba Ijumaa saa kumi na nusu nitamtazama yule bwana usoni bila kupepesa. Treni ya Jumanne ikaondoka bila orodha.

Hapa lazima niwaeleze jambo la majina, maana bila hilo hamtaelewa. Orodha ilipangwa kwa alfabeti, kwa majina ya ukoo. Kwa watu wa huku mjini, ukiwa na jina la N uko katikati tu ya foleni. Kule makazini ni habari nyingine. Ndayizeye, Nibigira, Niyonkuru, Nkunzimana, Ntahomvukiye, Nzeyimana: ukiita watoto wa N wasimame, karibu nusu ya darasa inasimama. Mkia wa orodha ile haukuwa mkia, ulikuwa kiwiliwili.

Alhamisi mchana Festo alikwenda kula, akaacha faili wazi kwenye kompyuta. Nililiangalia kwa dharau tupu, nikitafuta kosa jingine la kumcheka. Nikalipata. Alikuwa ameyapanga majina kwa safu, jina, jinsia, shule, kijiji, mzazi, alama, na ili safu zinyooke zipendeze, kati ya kitu na kitu alijaza mapengo. Jina fupi, mapengo ishirini. Kijiji kifupi, mapengo thelathini. Na kwa mtambo pengo ni herufi kama herufi nyingine. Unalipeleka kwa uaminifu uleule, biti kumi kumi. Kila mstari ulikuwa na herufi mia moja na hamsini, na nilipohesabu zilizosema kitu, pamoja na mikato ya kuzitenga, nikapata hamsini na tano. Nikatoa penseli. Mara watoto mia nne ni herufi elfu ishirini na mbili. Gawa kwa ishirini. Dakika kumi na nane na ushee. Ukitoa mapengo na kuweka mkato kati ya kitu na kitu, orodha nzima ingepita ndani ya nusu saa ya Festo, na ingebaki nafasi ya kurudia yale ambayo radi ingeyala.

Kazi yenyewe ya kuyatoa mapengo ingechukua alasiri moja, na alasiri ile nilikuwa nayo. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Mama Gaudensia akaingia na chai. Alikiweka kikombe, lakini hakuondoka. Akaitazama kompyuta kama watu wanavyomtazama ng'ombe wa jirani, kwa heshima na mashaka.

“Baba Anna, hiyo mashine itayafikisha majina ya watoto wetu?”

“Muulize mtaalamu, Mama Gaudensia. Mimi ni wa redio kolu tu.”

Akaenda kumwuliza. Nilimsikia Festo akimjibu kwa furaha, dakika tano, mama, hata maji ya chai hayatachemka. Akarudi akiwa mwepesi. Akanieleza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwamba kaka yake amemtafutia Skolastika tranka la bati, na kwamba mtoto mwenyewe amekwishaliandika jina kwa rangi. Nikasema vizuri.

Ijumaa walimu wa Kabungu walileta majina yao saa tano asubuhi. Kuanzia hapo faili lilikuwa tayari, limekaa tu likisubiri saa kumi, maana dakika tano haziombewi muda wa ziada. Mchana mawingu yakajikusanya upande wa magharibi. Saa kumi kasoro robo ofisi nzima ilikuwa kwenye kichumba changu cha mabati, mkuu wa ofisi akiwa amekalia kiti changu, Mama Gaudensia mlangoni na birika.

Saa kumi kamili mjini wakaitikia. Festo akabonyeza. Modemu ikaanza kulia ule mlio wake wa kifaranga aliyepotea, na kwenye skrini mistari ikaanza kupita, mmoja, kimya kidogo, mwingine. Saa kumi na dakika tano walikuwa wamepita watoto thelathini na wawili. Tulikuwa bado kwenye herufi B. Festo akagusa waya wa nyuma. Saa kumi na dakika nane akagusa waya wa mbele. Radi ilikuwa inanguruma mbali, na kila ikinguruma mstari unarudiwa. Akatoa kikokotoo, akakibonyeza, akakitazama, akakibonyeza tena. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nakiri, ilikuwa tamu. Sijawahi kuonja utamu kama ule tangu nizaliwe, na hata harusi yangu niliihudhuria.

Saa kumi na robo akanigeukia. Sasa hakusema kitaalamu.

“Kaka, tufanyeje?”

“Tulia,” nikamwambia. “Dakika tano hazijaisha.”

Dereva akacheka tena, safari hii kwa upande wangu. Saa kumi na nusu mtu wa redio kule mjini akatuaga kwa adabu, mkoa mwingine unangoja, akafunga. Mistari ikakoma. Walikuwa wamepita watoto mia mbili na watatu. Wa mwisho alikuwa Ndabaniwe.

Mafundi wenzangu, kisa hiki mmekisikia. Nimekisimulia kwenye kila kozi niliyofundisha, miaka yote, na kila mara mmecheka pale pale, kwenye dakika tano ambazo hazijaisha. Kuna waliotaka nikirudie kwenye sherehe ya kuniaga. Na ni kweli kinafundisha: uliza kwanza ni biti au baiti, gawa kwa nane ukiwa na haraka, gawa kwa kumi ukitaka kulala vizuri, na usimwamini mtu anayesema mia mbili bila kusema mia mbili za nini. Baada ya hapo huwa nafunga kitabu, tunakwenda kula. Sijawahi kusimulia kilichobaki.

Jumatatu nilipeleka majina mengine kwa barua kwa treni. Kule mjini, hata hivyo, orodha iliyofika Ijumaa haikuwa na jumla ya watoto juu wala neno la kufungia chini. Waliipokea wakadhani ndiyo yote. Nafasi zikagawiwa kwa wale mia mbili na watatu, na nyingine zikapelekwa mkoa mwingine. Wiki ya tatu majibu yakaja: barua yetu wameiona, wanasikitika, nafasi zimekwisha. Festo alikuwa ameshaondoka, baada ya kuandika ripoti kwamba kilichotuangusha ni hali ya hewa. Mvua haina wakili.

Skolastika hakwenda. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye tumbaku na shangazi yake, na baada ya hapo akaolewa Kabungu, akiwa bado hajafikisha umri wa kumaliza hicho kidato cha nne. Watoto wa N wengine sikuwafuatilia. Nilijitahidi nisiwafuatilie.

Siku majibu yale yalipofika, Mama Gaudensia alikuja chumbani kwangu na chai kama kawaida, akakiweka kikombe, halafu akavuta kigoda akakaa. Hakuwahi kukaa mle hata mara moja. Akaniomba nimweleze imekuwaje, kwa sababu mkuu wa ofisi alimweleza habari ya mawingu na yeye hakuridhika.

Nikamweleza. Loo, nilimweleza vizuri. Nilichukua penseli na karatasi, nikamchorea kopo na debe, nikamwonyesha biti kumi zinavyokuwa herufi moja, nikamwonyesha mia mbili ya Festo ilivyo ishirini, na dakika tano zake zilivyo hamsini. Alikuwa muuza karanga, alielewa haraka kuliko kikao kizima. Alitikisa kichwa, akasema yule kijana alikuwa mjinga. Nikafurahi kusikia hivyo. Nikaendelea, maana nilitaka aone ujinga wenyewe ulivyokuwa mkubwa. Nikatoa ile karatasi ya Alhamisi, nikamweleza habari ya mapengo. Nikamwonyesha kuwa orodha nzima, mpaka Nzeyimana, mpaka mtoto wa mwisho kabisa, ingepita kwa dakika kumi na nane.

Akaichukua karatasi. Hakuwa msomaji, lakini aliitazama muda mrefu, akipitisha kidole juu ya hesabu zangu, ambazo hazikuwa na kosa hata moja.

“Hii uliiandika lini, Baba Anna?”

Nikasema Alhamisi.

“Alhamisi nilipokuuliza, au baadaye?”

Ningeweza kusema baadaye. Niliifikiria. Nilipoinua macho nikaona kwamba ameshajua, anangoja tu nimwambie mwenyewe.

“Kabla hujaingia,” nikasema.

Akaikunja ile karatasi mara mbili, taratibu, akaiweka mezani mbele yangu.

“Basi yule kijana alikuwa hajui,” akasema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa hajui. Akainuka, akakichukua kikombe changu ambacho nilikuwa sijakigusa, akamwaga chai nje ya mlango, akaenda kukiosha.